Kabla Hujazidisha Glaida Yako kwa Mbili

Wadogo zangu mliojiunga na klabu msimu huu, nawapenda, lakini mmenichosha. Karibu kila mmoja wenu amerusha glaida ndogo, ile inayopandishwa na roketi kisha ikaelea kurudi chini, kwa mota ya C6-3, akaiona inaelea vizuri, kisha akaichukua ramani ileile mpaka kwenye mashine ya kutoa kopi na kubonyeza asilimia 200. Jumamosi baada ya Jumamosi naziona zikipinduka juu ya uwanja, na mwenye glaida anarudi na vipande mkononi akilaumu upepo. Upepo haukuwepo. Mlikuja huku Marekani kusomea uhandisi, hesabu mnazijua kuliko mimi, basi nisomeni hadi mwisho kabla hamjakata balsa nyingine. Balsa nyepesi, mbao tunayojengea, ni ghali, na vipande vyake vizuri vinaisha dukani mapema.

1. Anza na mizani.

Ukizidisha kila kipimo kwa mbili, eneo la bawa linakuwa mara nne na uzito unakuwa mara nane. Maana yake kila sentimita ya mraba ya bawa inabeba mzigo maradufu, na glaida inalazimika kwenda kasi zaidi kwa takriban asilimia 41 ndipo ielee. Ndiyo sababu zile zenu zinazobahatika kufika juu zinatua kwa kishindo na kuvunjika mkia. Kwa hiyo unene usiuzidishe kibubusa. Kama bawa la ndogo lilikuwa milimita 3, la kubwa linaweza kuwa milimita 5 ukichagua balsa ya kama kilo 100 kwa mita ya ujazo, ukalipiga msasa likawa na umbo zuri, na ukaficha kijiti cha nyuzi za kaboni ndani yake. Nyuzi za mbao ziende sambamba na ukingo wa mbele wa bawa. Mwaka jana kijana mmoja alizikata zikakingama, mabawa yakakunjamana juu ya kichwa chetu kabla mota haijamaliza kuwaka. Alikuwa amelipaka bawa rangi ya bendera ya kwao, safi kabisa, na nilimhurumia hata nikashindwa kumgombeza.

2. Mota haikui pamoja na ramani.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili lilinipata mimi mwenyewe na bado linaniuma.

Glaida yangu ya kwanza kubwa niliijenga majira yote ya baridi, kwenye meza ya jikoni, wenzangu wakila wamesimama. Msukumo niliukagua: mota kubwa zaidi, D12-3, inaruhusiwa kuinua hadi gramu 396, na yangu, pamoja na mota na podi (kibomba kinachobeba mota na kuachana na glaida huko juu), ilikuwa chini ya 300. Nikaona nimebakiza nafasi tele. Theluji ilipoyeyuka niliipeleka kwenye nyasi jioni, nikairusha kwa mkono bila podi. Ikaenda imenyooka, ikashuka taratibu, ikatua kwa tumbo. Nikairudia na kuirudia kwa furaha tu. Nilirudi nyumbani nikiamini kazi imekwisha.

Siku ya kuirusha nilialika watu. Kiwashio kikawaka, ikatoka kwenye ufito, ule unaoiongoza inapoondoka ardhini, polepole kuliko nilivyotazamia, ikafika usawa wa vilele vya miti, pua ikaanza kulalia mgongoni. Ikachora duara na kugeukia ardhi huku mota bado inasukuma. Iligonga upande waliokosimama watazamaji. Hakuna aliyeguswa. Lakini nilimwona baba mmoja akimnyakua mwanawe kwa mkono na kumvuta nyuma yake, kisha akanitazama. Hakusema neno. Mtoto yule alikuwa amekuja kwa sababu mimi nilimwambia aje aone kitu kizuri. Nilikusanya vijiti vyangu na sikurusha kitu tena kwa muda mrefu.

Usiku ule nilivipima vipande kimoja kimoja. Glaida ndogo ilikuwa na gramu 25 hivi, na mota ya C6 ina gramu 24 hivi. Yaani kwenye ndogo, mota iliyo mbele ya bawa ina uzito sawa na glaida nzima, na ndiyo inayouvuta mzani mbele wakati wa kupanda. Ile kubwa ilikuwa na gramu 200. D12 ina gramu 43. Ni pembea: upande mmoja umempandisha mtu mzima, upande wa pili umemwacha mtoto yuleyule. Kitovu cha uzito kikarudi nyuma, kikapita kitovu cha shinikizo la hewa, pale nguvu za hewa zinapokutania, na roketi ya namna hiyo haiwezi kwenda moja kwa moja hata ikiombewa. Tangu Larry Renger, mbunifu wa glaida za roketi, alipoihamishia mota mbele ya bawa mwanzoni mwa miaka ya 1960, uzito wa mota ile umekuwa sehemu ya usukani wa kupandia. Mimi niliuhesabu kama mzigo tu.

Na jaribio la mkono lilinidanganya kwa sababu linapima nusu ya pili ya safari peke yake, pale podi ikishaondoka. Nusu ya kwanza, yenye moto, sikuwa nimeipima kabisa.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kuikuza ndogo, itie mota mpya na podi, itafutie mahali inaposimama sawa juu ya kidole, weka alama. Toa podi, tafuta tena, weka alama ya pili. Ramani yako kubwa lazima itimize alama zote mbili kwa uwiano uleule. Ya pili utaipata kwa udongo wa plastisini kidogo kwenye pua ya glaida. Ya kwanza itakusumbua: punguza uzito wa mkia bila huruma, refusha podi isogee mbele, na ikibidi ongeza plastisini ndani ya pua ya podi. Uzito ulio ndani ya podi unaondoka na podi, hauigusi glaida ikielea. Usiutegemee huo peke yake lakini, maana utaishia na tofali. Yangu ya sasa ina gramu 120 bila podi na kama 200 ikiwa tayari kurushwa. D12 inatoa wastani wa nyutoni 10 na ushei, kwa hiyo unaipata ile mara tano ya uzito inayoitoa kwenye ufito ikiwa na kasi ya kutosha.

3. Sekunde tatu za kuchelewa, tangu msukumo uishe hadi podi isukumwe itoke, basi; ndiyo ile 3 ya mwisho katika D12-3. D12-5 na D12-7 waachieni wenye roketi nyembamba.

4. Ufito wa milimita 5, si ule wa 3 mliozoea.

5. Kurusha kwa mkono.

Rusha usawa wa bega, pua ikiinama kidogo, kwa nguvu inayolingana na kasi yake ya kuelea. Acheni kuitupa juu! Ikiinua pua, ikasita, ikaanguka, ongeza plastisini mbele. Ikipiga mbizi, inua kidogo ukingo wa nyuma wa mkia kwa kipande cha karatasi ngumu. Ipinde pia izunguke duara pana, vinginevyo itawafanya kama ilivyomfanya dada yetu mmoja hapa: aliitengeneza vizuri mno, ikaenda imenyooka, ikakutana na hewa moto inayopanda juu ya shamba la alfalfa, na tulichobaki nacho ni kuipungia mikono. Tulifurahi kwa niaba yake, naye alilia. Andika namba yako ya simu kwenye bawa.

6. Upepo na watu.

Kanuni za NAR, chama cha roketi za mfano cha hapa Marekani, zinaruhusu upepo hadi kilomita 32 kwa saa. Kwa glaida kubwa mimi nikiona nyasi zimelala nafunga sanduku. Kanuni zinataka mita 5 kutoka kwenye ufito kwa mota ya D, na mita 9 kwa zinazozidi hapo. Kwa safari ya kwanza ya glaida yoyote mpya, rudisha kila mtu mbali zaidi, na watoto wawe na mkubwa aliyewashika. Hapo sitaki mjadala na mtu.

7. Podi iachie.

Podi isipoachia, yote niliyoandika hapo juu ni bure, maana glaida itashuka pua mbele hadi chini. Shika podi pua ikiwa juu, glaida ining'inie kwenye ndoano. Isukume glaida juu kwa kidole kimoja: iachane hapohapo. Ikisita, tatizo karibu kila mara ni rangi. Ipige msasa ndoano na tundu lake, sugua grafiti ya penseli, ujaribu tena ukiwa uwanjani, kwa sababu balsa hunywa unyevu ikavimba njiani.