Kingo au msingi: daraja letu lianze kutengenezwa wapi?

SWALI: Daraja dogo la zege juu ya mfereji unaoingia Mto Mirongo, hapa Mabatini, ndiyo njia yetu: wanafunzi, mama lishe, bodaboda, wote wanapita hapo. Kingo za pembeni, zinazozuia watu wasianguke, zimekatika, na barabara imedidimia pale inapokutana na daraja. Tumeanza kuchanga. Tutengeneze kingo kwanza?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Anzeni chini. Hapo palipodidimia ndipo penye ugonjwa wenyewe. Maji yanayoshuka kwa kasi kwenye vilima vya mawe huleta mchanga na taka. Taka zikiziba mdomo wa daraja, yaani uwazi wa chini maji yanapopita, hasa zikinasa kwenye mabomba ya maji yaliyopitishwa chini yake, maji hutafuta njia pembeni na kukomba udongo nyuma ya ukuta unaobeba daraja. Mkijaza kifusi juu, mvua inayofuata inakibeba.

Kiangazi, maji yakiwa machache, chukueni nondo ya milimita 12 mkachokoe chini ya ukuta, kila baada ya nusu mita. Ikizama bila kugonga kitu kigumu, msingi unaning'inia. Zuieni bodaboda na mikokoteni siku hiyohiyo. Piga picha, pima upana na kina cha shimo, kisha pelekeni kwa mtendaji wa mtaa ili ataarifu TARURA, wanaosimamia barabara za mijini na vijijini. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Taarifa yenye vipimo humsaidia mhandisi kuliko malalamiko matupu.

Mhandisi akikubali gabioni, yaani maboksi ya waya yanayojazwa mawe, boksi la mita 2 kwa 1 kwa 1 hula mita za ujazo 2 za mawe. Chagueni mawe ya sentimita 15 hadi 25. Madogo huponyoka kwenye matundu ya waya. Msikubali fundi aruke kitambaa cha kuchujia nyuma na chini ya boksi. Bila hicho, maji hufyonza udongo kati ya mawe na barabara hudidimia tena, gabioni ikiwa imesimama vilevile.

Mnachoweza kufanya wenyewe bila kumngoja mtu ni kuzoa taka na mchanga mdomoni kabla ya vuli na kabla ya masika. Vitupwe mbali, vikiachwa ukingoni vinarudi. Na mzuie uchimbaji wa mchanga karibu na daraja, kwa sababu sakafu ya mfereji ikishuka, msingi unabaki wazi.

Kwa sasa fungeni kingo za muda za miti imara, watoto wasitumbukie. Za kudumu, bomba la inchi 2 lenye kimo cha mita 1 na nafasi zisizozidi sentimita 10, zingoje ukuta upone.