Ruzuku ya K01 kwa daktari wa meno aliyeko Mbeya

Daktari, umeuliza kama ukiwa Mbeya unaweza kuomba K01 ya NIDCR, taasisi ya Marekani ya utafiti wa meno, ile ya kuinua watafiti wachanga kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo. Hapana, hiyo ilikuwa ya raia wa Marekani au wakazi wa kudumu wa huko. Wewe itazame ruzuku ya K43 ya Fogarty, kituo cha Marekani cha afya ya kimataifa, inayolenga watafiti wa nchi kama yetu. Inadai asilimia 75 ya muda wako iende kwenye utafiti, na hapo ndipo pagumu kweli: kliniki haikuachii! Mkuu wa idara akubali mapema, tena kwa maandishi. Walezi, yaani watafiti wazoefu wa kukuongoza, ni wawili, mmoja wa Marekani, mmoja wa huku. Kwa wa huku, bisha hodi NIMR Mbeya, tawi la taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Barua ya mlezi isiwe sifa tupu. Iseme mtakutana lini na atakufundisha nini.