Kolekole anakukimbia kwa sababu unamfuata

Mdogo wangu, umesema uko Goma, mwezi ujao unarudi pwani kwa shemeji, na safari iliyopita kila ulipomkaribia kolekole, yule samaki wa baharini, na mkuki wako wa kufyatuliwa kwa mpira alipotea kabla hujalenga. Acha kumfukuza. Mbio zake huziwezi, na kila pigo la mapezi yako analihisi ubavuni, kwenye ule mstari wa pembeni.

Zama kimya, lala nyuma ya jiwe, mkono umenyooka, kisha angalia chini. Ndiyo, chini! Ukimkodolea macho anajua anawindwa. Chota mchanga kidogo, uuachie: kolekole ni mdadisi, mara nyingi hurudi kuchungulia. Ngoja akugeuzie ubavu, piga nyuma tu ya shavu. Miwani ya maji nayo inadanganya: anayeonekana yuko mita 3, kweli yuko 4. Mimi nilirudi mikono mitupu siku nne kwa kufyatua mapema.

Mazoezi fanyia hapo ziwa Kivu, kwenye maji mafupi, mwenzako juu akikuangalia. Usihemeheme haraka-haraka kabla ya kuzama. Ndivyo watu wanavyozimia bila kuhisi hamu ya hewa. Na vishimo vya ufuoni uviepuke, mazuku, ile gesi ya kuua inayojikusanya humo, unayajua. Sambaza, wale dagaa wa Kivu, waachie wenye nyavu na taa.

Ukifika pwani, pita kwanza ofisi ya uvuvi. Kwingine mkuki wa mpira umekatazwa kabisa.