Umeme umekatika, programu ya mauzo haifunguki: nipige Windows upya?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, huu ni mwaka wa 4. Mauzo, stoku na madeni ya mafundi, vyote viko kwenye kompyuta moja ya mezani. Juzi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena ndani ya dakika chache. Tangu hapo kompyuta inawaka, lakini programu ya mauzo haifunguki. Inaandika kwamba imeshindwa kuunganishwa na hifadhidata. Kijana aliyekuja kuiangalia anasema dawa ni kupiga Windows upya, na atakuja kesho. Sina hofu sana kwa sababu msaidizi wangu hunakili programu kwenye flashi kila jioni. Ninachotaka kujua ni kimoja: ninunue UPS au stabilaiza, hili lisijirudie?

JIBU: Pole sana, dada yangu. La UPS nitalijibu, ila tuanze na la kesho, maana ndilo la hatari. Mpigie huyo kijana leo hii, umwambie asipige Windows upya mpaka data zako ziwe zimetolewa na wewe umeziona kwa macho yako. Programu nyingi za mauzo huweka data zake kwenye diski C, palepale Windows inapokaa. Ukipiga Windows upya kwa kuformati, unafuta hapo hapo. Kuna njia za kutafuta kilichofutwa, lakini ni ghali na mara nyingi hurudisha vipande tu.

Kwa maelezo yako, kuna matumaini makubwa kwamba data zipo. Kila unapouza bati au mfuko wa saruji, programu huandika kwenye hifadhidata. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, rekodi hubaki nusu, na kompyuta ikiwaka tena hifadhidata hukataa kufunguka kwa sababu hesabu zake hazikubaliani. Hiyo hurekebishika mara nyingi. Na kuna wakati tatizo ni dogo zaidi: ile huduma ya hifadhidata inayofanya kazi chinichini haikuwaka yenyewe, na mtu anayejua aendako huiwasha kwa mkono ndani ya dakika 2. Kijana aanze hapo.

Isipowaka, asiendelee kubahatisha juu ya diski ileile. Azime kompyuta, atoe diski, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, kisha anakili folda nzima ya data kabla ya kujaribu ukarabati wowote. Ukarabati ufanyike kwenye nakala, diski yenyewe iwekwe pembeni. Na kama diski inatoa mlio wa tik-tik-tik, izimwe mara moja na isiwashwe tena "kuangalia tu". Kila ikizunguka inajikwaruza zaidi. Hiyo ni kazi ya mtu wa kurejesha data.

Sasa hiyo flashi. Umeandika kwamba msaidizi "hunakili programu", na neno hilo limenishtua. Niliwahi kuletewa flashi na mzee mmoja mwenye duka la spea ambaye kompyuta yake iliibwa. Alikuwa ametulia kama wewe. Nikaichomeka mbele yake. Ndani mlikuwa na faili moja, lenye picha nzuri ya ile programu, na kwenye kona ya chini kushoto ya picha kakishale kadogo. Ukubwa wake: KB 2. Kwa miezi 8, kila jioni bila kukosa, kijana wake alikuwa ananakili njia ya mkato, ile picha ya kwenye dawati ambayo kazi yake ni kuonyesha tu programu iko wapi. Mauzo yenyewe hayakuwahi kuingia kwenye flashi hata siku moja. Sijasahau jinsi mzee yule alivyoinama kuitazama ile "2".

Basi chomeka flashi yako leo kwenye kompyuta nyingine, tazama ukubwa. Mauzo ya miaka 4 ya duka kama lako hayawezi kukaa kwenye KB 2. Tarajia MB kadhaa, pengine mamia (MB 1 ni kama KB 1,000). Tazama na tarehe, iwe ya juzi. Hata ukikuta folda halisi, bado usifurahi: hifadhidata ikinakiliwa huku programu iko wazi, nakala inaweza kutoka na kasoro. Ndiyo maana programu nzuri ina kitufe chake cha kutengeneza nakala rudufu, mara nyingi kwenye menyu ya mipangilio. Msaidizi atumie hicho, kisha faili linalotoka ndilo liende kwenye flashi.

Nije kwenye umeme. Stabilaiza inasawazisha: umeme ukishuka inaupandisha, ukizidi inaushusha. Ukikatika kabisa, nayo imezimika. Kilichokupata wewe ni kukatika, kwa hiyo unahitaji UPS, yenye betri ndani ya kuibeba kompyuta kwa muda umeme ukikatika. Chagua iliyoandikwa AVR kwenye boksi; hiyo inasawazisha pia, na hutahitaji kununua vyote viwili.

Usidanganyike na ile namba kubwa ya VA kwenye boksi. UPS ya 650 VA haibebi wati 650. Nyingi za saizi hiyo huishia kwenye wati 360 hivi, na wati zimeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Kompyuta ya mezani na kioo chake kwa kazi ya duka hula kama wati 100 hadi 150, kwa hiyo ya 650 inakutosha. Ndani kwa kawaida kuna betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi, na kiasi kinapotea njiani. Hesabu dakika 10, zikizidi shukuru. Dakika hizo ni za kumaliza risiti iliyopo mkononi, kufunga programu na kuzima kompyuta vizuri. Anayekuuzia akikwambia utafanya kazi mpaka umeme urudi, huyo hakuelezi ukweli.

Printa ya leza isichomekwe upande wa betri. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS ndogo hulia na kujizima. Betri nayo inachoka. Kwenye joto la duka lenye bati juu usitegemee miaka mingi. Kila baada ya miezi 3 chomoa UPS ukutani kompyuta ikiwa inafanya kazi, baada ya kufunga programu, uone inashikilia dakika ngapi. Siku utakayonunua kompyuta nyingine, fikiria laptopu. Betri yake iko ndani, na jioni unaondoka nayo.

Lakini UPS haizuii mwizi, haizuii virusi, haizuii moto. Kwa hiyo nakala. Nunua flashi 2, zipokezane siku kwa siku, na iliyotumika leo ilale nyumbani kwako. Flashi inayolala imechomekwa kwenye kompyuta itaondoka na mwizi pamoja na kompyuta, na virusi vinavyofunga mafaili vitaifunga nayo. Mara moja kwa wiki pandisha faili lile lile la nakala kwenye Google Drive. Nafasi ya bure ni GB 15, na faili la duka halitaijaza leo wala kesho. Akaunti iwe kwa jina lako na namba yako ya simu, yenye uthibitisho wa hatua mbili (nywila, kisha uthibitisho wa pili kwenye simu yako). Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi akaunti hufunguliwa na fundi au msaidizi kwa simu yake, siku mkiachana mwenye duka anabaki mlangoni kwa biashara yake mwenyewe.

Kisha jaribio. Jumamosi moja kila mwezi, chukua nakala, irudishe kwenye kompyuta nyingine, ufungue programu na utafute risiti ya mwisho ya siku hiyo. Namba ikilingana na ya kwenye kitabu, una nakala. Kabla ya hapo una faili tu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu za biashara miaka 5, lakini kusema kweli mimi nawaza zaidi madeni. Ripoti ya Z, ile ya kufunga siku kwenye mashine ya risiti ya EFD, itakuonyesha umeuza shilingi ngapi siku ile. Haitakwambia ni fundi gani alibeba mifuko 10 ya saruji akaahidi kulipa mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana, wakati unamsubiri kijana, kaa na msaidizi wako leo hii, kumbukumbu zikiwa bado mbichi, muandike kwenye daftari la kaunta kila deni mnalolikumbuka: jina, kitu, kiasi, tarehe. Mlinganishe na nakala za risiti, hati za kupokelea mzigo na ujumbe wa malipo kwenye simu. Data zikirudi salama, daftari litakuwa la kuhakiki. Zisiporudi, ndipo mtakapoanzia.

Kesho kijana akishamaliza kunakili, mwambie akufungulie folda hiyo kwenye kompyuta nyingine. Piga picha ya kioo, majina ya mafaili, ukubwa na tarehe vionekane vyote, unitumie. Nikishaziona ndipo tutazungumza habari ya Windows.