Ndege iliyomwaga mbung'o

Shikamoo Bibi. Babu yangu wa Kitogani, Unguja, anashikilia kwamba zamani kulikuwa na ndege ikipita juu ya msitu wa Jozani ikimwaga mbung'o, eti ili mbung'o waishe. Ng'ombe wanakufa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, halafu watu wanaongeza mbung'o? Wajukuu tunamcheka. Je, ni uzee?
*Msomaji, Kusini Unguja*

Marahaba mwanangu. Kamwombe babu radhi leo hii, na umpelekee kahawa.

Mbung'o wale tuliwalisha sisi, kule Tanga, kwenye kituo cha kuwafuga. Damu ya ng'ombe ilitoka machinjioni. Tukiimimina kwenye sinia zenye joto, tukaifunika kwa utando wa silikoni mfano wa ngozi, kisha tukaweka vizimba juu yake. Wakatoboa, wakanywa mpaka matumbo yakavimba kama kunazi zilizoiva. Harufu ile ilinifuata nyumbani, na marehemu mume wangu akinipokea uani na ndoo ya maji kabla ya salamu.

Sasa sikiliza ya mbung'o jike. Hatagi mayai chungu nzima kama inzi wa jikoni. Ana yai moja tu kwa wakati, linaanguliwa humohumo tumboni, na buu ananyonya maziwa ya mama yake. Ndiyo, maziwa, kutoka kwenye tezi iliyo ndani ya mwili. Baada ya siku 9 au 10 anazaliwa buu mwenye uzito unaokaribia wa mama mzima! (Mimi nilizaa mtoto wa kilo nne nikaona dunia imeniangukia.) Buu anajichimbia udongoni, anajifungia kwenye ganda gumu, na hutoka mwezi mmoja baadaye akiwa mbung'o kamili.

Tena jike huyo kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Mbegu huziweka akiba mwilini, akazitumia mpaka kufa. Hapo ndipo tulipomnasia. Majike hutangulia kutoka kwenye ganda kwa siku moja au mbili. Wanaochelewa wengi ni madume. Hao tuliwapiga mionzi: nguvu za kupanda wanazo, mbegu zimeharibika. Jike wa porini akipandwa na mmoja wao, mayai hufa, naye hatafuti dume mwingine. Kaolewa na mgumba na talaka hadai.

Ndege ilianza kumwaga mwaka 1994, baada ya dawa ya kupaka ng'ombe na vitambaa vya buluu vyenye sumu kupunguza mbung'o wa porini, maana madume wetu lazima wawe wengi kuliko wao. Septemba 1996 alinaswa wa mwisho. Unguja ni kisiwa, hakuna waliovuka bahari kuja kujaza nafasi. Bara ingekuwa shughuli nyingine.

Ila dume naye hunywa damu. Kama babu aliumwa na mmoja wa wale, mwambie namwomba radhi. Nilimlisha vizuri kabla hajapanda ndege.