Usizime TV mapema: kwa aliyemaliza gemu na moyo ukabaki mzito

Wiki iliyopita mpwa wangu alimaliza gemu ya Crisis Core kwenye simu yake, na chakula cha usiku hakukigusa. Alikaa barazani, simu kaiweka kifudifudi pembeni, macho yapo njiani lakini haangalii mtu. Dada yangu akadhani kagombana na mwenzake wa skuli. Nilipomsogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, Zack kafa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimchezesha."

Nikakaa naye pale pale. Ndani walikuwa wanacheka, kijana mzima analilia gemu. Naandika haya kwa ajili yake, na kwa kila aliyewahi kuchekwa hivyo, awe Mlandege, Chake au Nungwi. Kama hujamaliza Crisis Core, Final Fantasy X au To the Moon, simama hapa, kamalize, kisha urudi, maana miisho yake nitaitaja bila ya kuficha.

Anayecheka hajui gemu ile imetengenezwaje. Crisis Core ilitoka mwaka 2007 kwa ajili ya PSP, mashine ndogo ya gemu ya kushika mkononi. Tangu mwanzo, kila unapopigana, kuna gurudumu linalozunguka lenyewe kwenye pembe ya kioo, na ndani yake zimo sura za watu anaowajua Zack, yule kijana unayemchezesha. Sura zikipangana vizuri, anapata nguvu. Unalizoea mpaka unasahau kama lipo. Basi mwisho kabisa wanajeshi wanakuja kundi baada ya kundi, hawaishi, na lile gurudumu linaanza kukwama. Sura zinafifia moja baada ya moja. Wewe bado unabonyeza. Mpwa wangu alibonyeza mpaka kidole gumba kikamuuma, na alikuwa keshajua kwamba haisaidii. Kitu kilichokuwa kikikusaidia gemu nzima ndicho kinachokuambia kwamba mtu wako anaondoka. Aliyelia pale ameielewa gemu kuliko yule aliyeruka kila mazungumzo ili afike haraka.

Yangu ilinipata mwaka 2010.

Mtoto wa ami alikuwa kaletewa PS2, mashine ya gemu ya kuunga kwenye TV, kutoka Dubai, na kati ya diski zilizokuja nayo ilikuwamo Final Fantasy X. Tulikuwa tukicheza Kikwajuni baada ya sala ya isha. Yeye anashika pedi kwenye mapigano, mimi nasoma mazungumzo na kuwafasiria wadogo waliokaa chini. Mwanzoni gemu inakuuliza umwite nani yule kijana. Wenyewe wamemwita Tidus, lakini mimi nilimpa jina la rafiki yangu aliyekuwa kahamia Maskati na wazee wake wakati ule. Na kwa kuwa kila mchezaji anaweza kumpa jina atakalo, hakuna mhusika hata mmoja anayelitamka jina lake kwa sauti katika safari yote. Wanampenda, wanamgombeza, wanamlilia, jina hawalitaji.

Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ukakatika Unguja nzima. Waliokuwapo wanakumbuka. Umeme wetu ulikuwa ukitoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na safari ile haukurudi mpaka Machi. Miezi mitatu ya koroboi, ndoo za maji na makelele ya majenereta. Sisi tulikuwa tumebakiza kidogo sana tumalize. Memori kadi tuliitia kwenye kopo la nyuzi na sindano la mama yangu, imefungwa kwa kitambaa, na ndani yake zimo saa 47 zetu. Usiku, kwenye kiza, tulikuwa tukilala chali na kubishana itakwishaje. Mtoto wa ami alikuwa na hakika wataoana.

Umeme uliporudi tulimaliza ndani ya siku nne. Kwa asiyejua: yule kijana kumbe ni ndoto. Amefanywa na roho zilizolala kwa miaka elfu nzima, na adui mkubwa akishindwa roho zile zinapumzika, na yeye anatoweka. Yaani kila hatua tuliyompeleka mbele tulikuwa tunamsogeza kwenye kutoweka kwake. Yuna, msichana anayempenda, anamkimbilia amkumbatie, anapita katikati yake kama apitaye kwenye moshi, anaanguka. Anainuka. Anamwambia anampenda, akiwa amempa mgongo. Dunia imepona, watu wanashangilia, na msichana aliyeiponya kasimama ukingoni mwa bandari anapiga mbinja kuelekea baharini. Mbinja ile alifundishwa na yule kijana mwanzoni, katika mji huo huo, kwa ahadi kwamba wakipotezana kwenye watu wengi apige tu, yeye atakuja mbio.

Majina ya waliotengeneza yalipoanza kupita, mtoto wa ami akanyoosha mkono akazima TV. "Yamekwisha. Tukalale." Tulilala bila ya kusema neno. Kwa siku nyingi baadaye nilikuwa mzito, nikipita Forodhani nikiona mtu kasimama peke yake anaangalia maji, kooni panakaza.

Miaka minne ikapita ndipo nikajua kwamba baada ya majina yale kuna kipande kingine. Kifupi sana, sekunde chache. Kijana yumo chini ya maji, anafumbua macho, anaogelea kwenda juu kwenye mwanga. Hawaelezi kitu. Hakiondoi huzuni, lakini ni dirisha walilokuachia wazi makusudi, na mimi nilikaa miaka minne kwenye chumba nikidhani hakina dirisha. Kwa hiyo kama utashika neno langu moja tu, shika hili: usizime. Yaache majina yapite, muziki uishe wenyewe, mpaka kioo kikuombe ubonyeze kitu. Hata kama hakuna kipande cha ziada, zile dakika ni zako. Umetembea na watu hawa saa 40 au 50, usiwaondokee kama unayewahi daladala.

Pia usiamke usiku ule ule kwenda kutafuta mwisho mwengine. Najua hamu yake. Mwaka 2012 wachezaji wa Mass Effect 3 walikasirika sana na mwisho wake hata waliotengeneza wakatoa nyongeza ya bure miezi michache baadaye. Ilifafanua mengi na ilistahili kutolewa, lakini sadaka aliyotoa Shepard, shujaa wake, ilibaki kuwa sadaka. Hata Final Fantasy X ina muendelezo, X-2 wa mwaka 2003, na ukitimiza masharti yake Yuna anaweza kurudishiwa mtu wake. Mimi niliucheza nikiwa na pupa ya mgonjwa anayetafuta dawa, nikakimbilia mwisho bila ya kuona kitu njiani. Nilipoucheza tena, moyo umeshatulia, ndipo nikafurahi. Upe muda ule mwisho wa kwanza ukae.

Ikiwa huzuni inakaa wiki na haipungui, jiulize imegusa nini chengine. Mie ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba sikuwa namlilia Tidus peke yake. Rafiki yangu alipoondoka sikwenda kumuaga. Nilikuwa na hasira naye kwa kuondoka, nikajificha nyumbani kwa bibi mzaa mama mpaka ndege ikaruka. Halafu nikampa kijana wa kwenye gemu jina lake, nikakaa miezi kadhaa nikimpeleka huku na huku, na mwisho nikamuona anaruka kutoka kwenye chombo cha angani na kupotelea mawinguni, huku Yuna kasimama anamuaga. Nilipolitambua hilo nilimpigia simu Maskati. Tulizungumza mpaka salio likaisha.

Wala sifananishi gemu na msiba wa kweli. Lakini msiba una hitma, una watu wanaokuja kukaa nawe, kuna anayepika na anayekushika mkono bila ya kusema. Mwisho wa gemu unakukuta peke yako saa saba za usiku, wote wamelala, na asubuhi unatakiwa uende skuli kama hakuna lililotokea. Hicho ndicho kinachofanya kidogo kiwe kikubwa. Ukiona unakaribia mwisho, chagua usiku ambao kesho yake huna mtihani, na umjulishe mtu mmoja kwamba leo unamaliza.

Au cheza na mtu kakaa ubavuni mwako. To the Moon inafaa sana kwa hilo. Ni gemu ndogo ya mwaka 2011, ya Kan Gao, saa nne au tano tu, na hata kwenye simu inapatikana. Mzee Johnny anakufa na anataka kwenda mwezini, hajui kwa nini. Madaktari wawili wanaingia kwenye kumbukumbu zake kuzipanga upya ili afe akiamini alikwenda. Ili waweze, wanamuondoa kwanza marehemu mkewe. Mimi na mtoto wa ami tulibishana juu ya hilo usiku mzima pale Forodhani, yeye akisema wamemfanyia hisani, mimi nikisema wamemuibia. Mpaka leo hatujapatana, na sijawahi kuwa mpweke na mwisho ule hata siku moja.

Ila lililonisaidia kuliko yote ni kuhadithia, tena kumhadithia mtu asiyejua gemu ni nini.

Mwaka 2014, sikukuu ya Idi Kubwa, nilikuwa Wete kwa bibi. Ndiyo kwanza nimejua habari ya kile kipande cha mwisho, na kilikuwa kinanichoma kutoka. Bibi alikuwa anachambua karafuu, nikakaa naye kwenye jamvi, makonyo huku, karafuu huku, nikamhadithia yote tangu mwanzo. Sikumwambia ni gemu mpaka nilipofika katikati, na wala hakujali. Aliuliza maswali yake tu. Roho zile zimelala wapi? Baba yake kijana alikuwa mlevi kweli? Nilipomaliza alinyamaza, kisha akauliza, "Na yule mwanamke aliolewa tena?" Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa. Nikajihisi mwepesi kama niliyetua gunia.

Siku ya pili walikuja jirani zake wawili, akaniambia niwahadithie na wao. Safari hii niliharakisha, nikaruka mambo ya mwanzoni ili nifike kwenye kutoweka. Mikono ya bibi ikasita juu ya karafuu.

"Umesahau mbinja," akasema. "Rudi nyuma."