Maswali na Majibu: Damu, Sadaka na Upatanisho

SWALI (Mbagala): Mchungaji, je, Mungu hawezi kusamehe mpaka damu imwagike?

JIBU: Wengi husoma Waebrania 9:22, kwamba pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo, wakaishia kumwona Mungu kama mdai mwenye hasira anayengoja kulipwa. Torati yenyewe haisemi hivyo. Katika Walawi 17:11 Mungu ndiye anayesema kwamba amewapa Waisraeli damu juu ya madhabahu ili iwafanyie upatanisho. Anayetoa kwanza, basi, ni yeye. Siku ya Upatanisho, inayoelezwa katika Walawi 16, walitwaliwa mbuzi wawili: mmoja alichinjwa na damu yake ikaingizwa nyuma ya pazia, na wa pili kuhani mkuu alimwekea mikono kichwani, akaungama juu yake maovu yote ya watu, kisha akapelekwa jangwani akiwa hai. Huyu wa pili mahubiri yetu humsahau, ingawa damu yake haikumwagwa na bado ndiye aliyeyachukua maovu hayo. Tena Walawi 5:11 inamruhusu maskini asiyeweza kupata hata makinda mawili ya njiwa alete unga kwa ajili ya dhambi yake. Ndiyo maana Paulo, alipoeleza kifo cha Kristo, hakusema kwamba Mungu alipatanishwa na sisi, bali kwamba ndani ya Kristo aliupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19).

SWALI (Kigamboni): Jirani yangu Mkatoliki huiita Misa sadaka. Je, Kristo husulubiwa upya kila Jumapili?

JIBU: Hapana, wala Kanisa Katoliki halifundishi hivyo. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa hilo, ulitamka mwaka 1562 kwamba anayetolewa altareni ni yuleyule aliyejitoa msalabani, ila kwa namna isiyo ya kumwaga damu. Sisi Walutheri hatukubali kuiita Meza ya Bwana sadaka ya upatanisho, kwa sababu ya ile "mara moja tu" ya Waebrania 10:10. Lakini tukibishana, tubishane na mafundisho yaliyopo kweli.

SWALI (Ubungo): Nimeambiwa nitoe shilingi laki mbili ili dhambi za babu zangu zifutwe. Nifanyeje?

JIBU: Usitoe. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na Simoni mchawi alipotaka kununua karama ya Mungu, Petro alimjibu kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Bahasha unayotia kikapuni ni shukrani na msaada kwa kazi ya usharika. Haifuti dhambi ya mtu yeyote. Hiyo laki mbili kalipie ada ya watoto.